Mashine Mbili Katika Banda la Kuku

4 Februari

Mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na wewe unapenda kusoma umesimama kama mtu anayesubiri kuitwa. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda juu. Huko chini tusiulizane. Anayeandika ni Mama Sindano, fundi cherehani wa nyumba ya pili, kama siku zote. Maneno ni yangu, makosa ni yake. Hapo amekunja uso. Nimemwambia aandike kwamba amekunja uso, na ameandika.

Shangazi yako ameweka meno ya bandia. Ni meupe kuliko shuka la nyumba ya wageni, na yamemzidi saizi moja, kwa hiyo sasa anatabasamu hata akiwa amekasirika. Juzi alikwenda kutoa pole msibani, wafiwa wakadhani amekuja kusherehekea. Kuku ni tisa. Mvua imenyesha kwa jirani, kwangu imepita.

Sasa barua yako. Mama Sindano amenisomea mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti yake na mara ya pili kwa sauti yako, na zote mbili zimesema kwamba unanitumia mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia, zikae kwenye banda la bustanini. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Mimi nimefua nguo za nyumba ya wageni miaka thelathini na moja. Nimefua mashati ya waongo na ya wacha Mungu, na ya mabwana harusi waliokuwa wanatetemeka, na kila mmoja nimemjua kabla hajafungua mdomo. Darasani sijakaa hata siku moja, lakini nguo chafu naisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Naona nani ameacha kula, nani amelala kwa watu, nani amelia akajifuta kwa mkono wa shati. Mashine itaniambia nini? Na hiyo ya kukaushia, kwani jua limekosa nini?

Halafu banda si tupu. Lina kuku, na lina benchi la useremala la marehemu babu yako, yule aliyekuita mke wake mdogo ulipokuwa na miaka minne, ndiyo maana mimi na wewe ni wake wenza hadi leo. Benchi haliondoki. Kuku sijui nitawaambia nini.

Neno la mwisho, nalo ndilo nililoanza kuwaza kabla ya yote. Bwana Kola, mumeo, alikuwa akiandika mstari mmoja chini ya kila barua yako. Mimi herufi sizijui, lakini mwandiko wake naujua: umelala upande kama mtu aliyechoka kabla ya kazi. Barua nne sasa, mstari haupo. Na ulipokuja kunitembelea mwaka jana, ulikuja na sanduku limejaa nguo safi, zimekunjwa, hata soksi. Mtu hamwendei bibi yake ambaye ni dobi na sanduku zima la nguo safi. Nilinyamaza. Sasa nauliza. Mumeo yuko wapi?

Bibi yako. Alama ya dole gumba hapo chini ni yangu, Mama Sindano asije akasema ni yake.


27 Februari

Mke mkubwa, bibi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili kwa Mama Sindano, ambaye namwomba hii asiisome kwa sauti yangu, maana nasikia anaiga vizuri kunishinda mwenyewe. Mpe pole shangazi, au hongera, kulingana na atakavyotabasamu. Mimi sijambo. Kazi inakwenda. Huku baridi imeanza kupungua na watu wameanza kusalimiana tena.

Mume wangu yuko safarini kikazi. Anakusalimu.

Sasa banda, Bibi, na hapa naomba unisikilize kama ulivyokuwa ukinitaka mimi nikusikilize kwenye kuloweka. Sakafu imwagwe zege, nayo iwe sawasawa. Fundi aipime kwa pima maji, asiipime kwa jicho. Maji safi yavutwe kutoka bomba la bustanini, na maji machafu yatoke kwa mpira kwenda kwenye mfereji, si kwenye mboga zako. Umeme uwe na waya wake peke yake kutoka nyumbani. Usiniungie kwenye taa ya jikoni. Ile ya kukaushia inatoa hewa ya moto, kwa hiyo ukutani litobolewe tundu la kupitishia bomba lake. Kuku wahame. Benchi la babu libaki, tutakunjia nguo juu yake.

Mashine ni mpya kabisa, hazijawahi kuguswa na maji. Na usiniulize kwa nini nimezituma. Mwaka jana nilikuona uani unakamua shuka. Upande mmoja ulikuwa umeushika kwa mkono wa kushoto, na upande wa pili ulikuwa umeubana kwa meno. Uliponiona ukajifanya unaonja sabuni. Mkono wa kulia una nini?

Mjukuu wako.


30 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu kutoka kwa wote wenye uhai hapa, isipokuwa kuku, ambao wamekataa kukusalimu kwa sababu umewafukuza kwao. Tumewahamishia nyuma ya jiko. Jogoo alirudi bandani siku tatu mfululizo kudai haki yake. Mkono wangu hauna kitu, ni mkono. Nilikuwa naonja sabuni.

Nikueleze fundi. Anaitwa Fundi Kesho, na jina hilo hakupewa kwa sababu anapenda kupanga mambo ya mbele. Alikuja kwenye kesho ya kumi na moja. Nilimsomea maneno yako yote kwa mdomo wa Mama Sindano, akasikiliza huku akitazama paa. Pima maji alisema ni chombo cha watu wasio na macho. Akamwaga zege likateremka kuelekea mlangoni, kwa makusudi, ili maji yakimwagika yajitoe yenyewe. Nikamuuliza, maji sawa, na mashine je, haitateremka nayo? Akaniangalia kwa huruma, akasema mashine haina miguu.

Shangazi yako alikuja kukagua zege likiwa bado bichi. Akainama, akacheka, meno yakaanguka. Tuliyaokota na kuyasuuza, lakini alama imebaki. Kwenye sakafu ya banda lako, karibu na mlango, kuna tabasamu.

Mashine zililetwa na lori na watu wanne waliozibeba kama wamebeba jeneza la tajiri. Maboksi ni mapya, sikatai. Tukaifungua ya kufulia, tukaisukuma ukutani, Fundi Kesho akaunganisha maji na umeme, nami nikatia mapazia mawili. Ikavuta maji vizuri. Ikageuza huku, ikageuza kule, taratibu, kwa adabu. Nakiri niliitikia kwa kichwa. Basi ikafika mahali pa kukamua. Ikanguruma. Ikatetemeka. Halafu ikaondoka.

Nakuambia iliondoka. Ilishuka ule mteremko kwa vishindo, hatua fupifupi, kama mama mnene aliyeitwa na watoto, ikapita juu ya tabasamu la shangazi yako, ikajichomeka mlangoni ikaziba. Mimi na Mama Sindano tulikuwa nje. Fundi Kesho alikuwa ndani. Banda lina dirisha moja, lile dogo la kupitishia mikono kuokota mayai, na hapo ndipo uso wake ulipotokea. Alikuwa anaomba tuchomoe plagi. Plagi ilikuwa ndani, yeye alikuwa ndani, lakini alisema mashine inamwangalia.

Nikasogea dirishani nikamuuliza, "Fundi, ina miguu mingapi?"

Mama Sindano alikimbia nyumbani akazima umeme wote. Tangu siku hiyo fundi hajarudi hata kuchukua nyundo yake, na akipita barabarani anapita upande wa pili. Ile mashine nyingine bado imo kwenye boksi lake.

Ila nina swali la kijinga, la mtu asiyesoma. Kwenye droo ya sabuni nimekuta unga ulioganda, mgumu kama chokaa, wa miezi mingi. Huko kiwandani siku hizi wanajaribia nguo za nani? Na Bwana Kola anasafiri sana. Lori limefika na limerudi, yeye bado.

Bibi yako, na dole.


18 Aprili

Mke mkubwa,

Shikamoo. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, na sijacheka hivyo kwa muda ambao sitaki kuuhesabu. Mwambie Fundi Kesho ninampa pole, na nyundo yake iwekwe juu ya benchi ikae na za babu.

Kosa ni langu. Nyuma ya mashine ya kufulia kuna bolti nne kubwa. Zinashikilia pipa la ndani lisicheze njiani, na ni lazima zifunguliwe kabla ya kuiwasha, la sivyo pipa likizunguka linaburuta mwili mzima. Nilizifunga mwenyewe, nikazikaza kwa spana mpaka kiganja kikachubuka, halafu nikasahau kukuandikia uzifungue. Zifungueni, mzitunze kwenye kopo. Miguu ya mbele irefushwe kwa kuizungusha mpaka mashine isimame wima juu ya huo mteremko. Hapo itatulia.

Sabuni ya unga sijui. Labda dukani waliijaribu.

Ile ya kukaushia usiifungue, tafadhali. Iache kwenye boksi lake mpaka nitakapokuja kuifunga mwenyewe.

Mume wangu bado yuko safarini. Anakusalimu.

Nami nina swali la kijinga. Dole gumba lako la kulia lina kovu la pasi, limelikata katikati tangu sijazaliwa. Barua tatu sasa, alama unayoniwekea haina kovu. Limekwenda wapi?

Mjukuu wako.


6 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu. Shangazi yako hajambo, kuku hawajambo, mvua imekuja ikasahau kuondoka. Kovu limepona.

Bolti tumezifungua. Mama Sindano alilala chini na spana ya marehemu mume wetu, mimi nikamsimamia, maana kazi bila kusimamiwa inaharibika. Miguu ya mbele tumeirefusha. Mashine imesimama inafanya kazi yake, haitoki tena nje. Nyundo iko juu ya benchi.

Ulisema ile ya pili nisiifungue. Nimeifungua. Wewe umenijua miaka thelathini na miwili. Ukitaka kitu kisifunguliwe na mimi, usinitajie kwamba kimefungwa.

Ndani ya pipa ulikuwa umeshindilia vitambaa ili lisigonge-gonge njiani. Nilijua ni mkono wako, maana hata vitambaa vya kushindilia umevikunja. Vyeupe, vya samawati, chenye mistari kimoja. Mama Sindano akaokota kola nyeupe, akavaa miwani, akaipeleka kwenye mwanga. Mshono wa kola ile ni wake. Asubuhi ya harusi yako kola ya bwana harusi ilifumuka, uzi mweupe ukawa umemwishia, akashona kwa uzi wa rangi ya maziwa akisema hakuna atakayeona. Ameona yeye.

Nikamwambia aweke kalamu pembeni. Nikakaa kwenye benchi la mume wetu, nikasoma.

Hayo mashati hayajachanwa. Mwenye hasira huchana, na mchano huenda unakotaka. Haya yamekatwa kwa mkasi, kwenye mshono, vifungo vimetolewa kwanza kimoja kimoja. Kwa hiyo ulipoyakata ulikuwa umekwisha kulia. Yamefuliwa kabla ya kukatwa, na kwenye mikunjo ya viwiko bado kuna doa ambalo halikutoka. Kwa hiyo aliyaacha machafu, yakakaa muda mrefu kapuni, kwa sababu ulikuwa unangoja. Mashati sita, na suruali hakuna hata moja. Kwa hiyo alibeba begi dogo, akakuambia yaliyobaki atayafuata.

Halafu hayo mengine, ambayo hata asiye dobi angeyaona. Mashine mpya kabisa, na bolti umezifunga wewe. Mwenye nyumba amegonga ukuta, na mimi nakumbuka picha ya nyumba yako ina bustani pande zote nne. Ukuta wa nani? Mtu hatumi mbali mashine zake mbili kama bado ana pa kuziweka. Mama Sindano anasema nipunguze. Amekataa kuandika sentensi mbili, nimezisema tena, ameandika moja.

Sikuulizi tena Bwana Kola yuko wapi. Akae huko huko. Nakuuliza wewe. Unalala wapi?

Bibi yako, na dole.

*Haya ni yangu mimi mshonaji, ameenda kufukuza jogoo. Dole ni la kushoto. Tangu Novemba hawezi kabisa kukunja kiganja cha kulia, kikombe kinamponyoka. Nguo zake nafua mimi, yeye anakaa kwenye stuli ananitukana. Alinikataza kukuandikia. Na ile sentensi niliyokataa kuiandika ilikuwa tusi kwa mume wako, ilikuwa nzuri sana, nitakuambia ukija.*


29 Juni

Bibi,

Shikamoo. Najua umehesabu wiki. Nimeandika barua hii mara nne, na tatu niliziloweka kwenye beseni mpaka wino ukatoka, kama ulivyonifundisha kuondoa doa la kalamu.

Nalala kwenye chumba kimoja, juu ya duka la mafundi wa saa. Kina kitanda, meza, na beseni chini ya kitanda. Mwenye nyumba yuko upande wa pili wa ukuta na hapendi kicheko. Nafua kwa mkono Jumamosi na kuanika dirishani. Nimehamia hapa Januari, nyumba ilipobidi kuachwa. Vyombo vingine niligawa. Zile mashine mbili sikutaka azipate mtu mwingine kabla yako.

Umesoma sawa, yote, hata begi dogo. Ulikosea moja tu. Nilipoyakata nilikuwa sijamaliza kulia. Mkasi ndio uliokuwa mkali. Aliondoka mwezi mmoja kabla sijaja kwako mwaka jana. Usiku wa kuamkia safari nilifua kila nguo niliyokuwa nayo, hata zile zilizokuwa safi, nikazipiga pasi, nikazipanga sandukuni, kwa sababu nilijua nikikuletea kitambaa kimoja tu kichafu utakijua kabla sijavua viatu.

Na sasa nikuambie kwa nini sikusema, maana umeuliza kila kitu isipokuwa hilo. Wiki moja kabla ya harusi ulimfulia mashati matatu. Ukanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukanionyesha, ukasema, "Viwiko vipya, kola imechakaa. Huyu anajitazama kwenye kioo kuliko anavyofanya kazi." Ukacheka. Shangazi akacheka. Jioni nyumba nzima ilikuwa inamwita Bwana Kola, na siku ya harusi mpiga picha alimwita hivyo akidhani ndilo jina lake. Mimi nilicheka pia. Halafu nikaolewa naye, na kila alipochelewa kurudi nilikuwa nakusikia wewe unacheka. Kila alipoacha kazi nyingine nilikuwa nakusikia. Alipoondoka, sikumwogopa mtu yeyote duniani isipokuwa wewe. Sikuogopa kwamba utahuzunika. Niliogopa kwamba utakuwa umejua.

Mdomo wako, Bibi, ndio ulionichelewesha mwaka mzima.

Na mkono wako je? Umenisoma mpaka ndani ya viwiko vya mashati, wewe mwenyewe umejifungia bolti nne. Kama nisingelijua kovu lako ningekuwa bado nafikiri unaonja sabuni.

Nimeomba likizo yangu yote, kuanzia Agosti. Sijui kama nitarudi huku baada yake. Ukiniambia nisije, sitakuja.

Mjukuu wako.


15 Julai

Mke mwenzangu,

Shangazi yako salama, jogoo salama, meno salama. Mama Sindano amenisomea barua yako kwa sauti yake tu. Hakuiga. Ameisoma mara moja, halafu akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Nilikuwa na neno la kukuambia. Unalijua, umelingoja mwaka mzima. Lilifika hapa kooni, likakwama kidogo, nimelimeza kwa maji, limeshuka. Halitapanda tena, na shangazi yako nimemwambia likimpanda yeye nitamnyima meno.

Lile jina nalo nimelifuta. Aitwe mtu aliyekuwa hapa akaenda. Nilidhani nilikuwa nakupa macho, kumbe nilikuwa nakupa aibu uibebe mpaka huko mbali, na baridi yote hiyo. Mama Sindano ananiangalia kama mtu aliyeona kuku akiogelea. Basi, andika, mama, ndiyo nimesema, nimekosa.

Mkono. Mkono haukunji. Asubuhi unakataa kabisa, mchana unafikiria. Sikukuambia kwa sababu dobi asiyekamua ni mama mmoja tu aliyekaa uani, na mimi sikujua mtu wa namna hiyo anaandikiwa barua za nini. Hivi sasa mashine inafua, inakamua, na mimi nimewekewa stuli mlangoni, mguu mmoja juu ya tabasamu la shangazi yako, naisimamia. Shuka nne kwa mara moja. Haichoki na hainijibu. Katika wote niliowahi kufanya nao kazi, huyu ndiye nimeelewana naye.

Ya kukaushia tumetoboa tundu lake ukutani kama ulivyosema. Fundi Kesho alikuja mwenyewe kutoboa, akiwa nje. Akaomba nyundo yake, nikampa.

Vile vitambaa usivitafute. Nilifikiri kuvichoma, Mama Sindano akasema ni pamba nzuri. Tumewatandikia kuku nyuma ya jiko. Yule mweusi anatagia kwenye shati la harusi, kila siku yai moja, hajakosa. Mashati yale hayajawahi kufanya kazi ya namna hiyo tangu yashonwe.

Alama ya leo ni ya mkono wa kulia. Mama Sindano ameushika, mimi nimebonyeza. Kovu lipo, limelala upande kidogo. Litazame, kisha anza kufunga sanduku.

Na hapa unisikilize. Njoo na nguo chafu. Usifue hata moja. Za chumba hicho, za mwaka huo, zilizolowa jasho na zilizofutiwa machozi, zitupe zote sandukuni zilivyo, usizikunje. Nimekaa na hii mashine miezi mitatu nikitafuta ubaya wake, na siku nyingi nilidhani ubaya wake ni kwamba haisomi. Unatia nguo, inafunga mlango, inafua, haimjui mwenyewe wala haiulizi. Juzi nikiwa kwenye stuli nikaona kwamba labda ndicho kitu ulichokuwa unakitaka kwangu.

Basi ukifika sanduku litapita moja kwa moja mpaka bandani. Utalimwaga wewe mwenyewe, mimi nitakuwa nimegeuka natazama benchi la mume wetu. Ukishafunga mlango wake utaniambia nigeuke, na tutakaa nje kwenye stuli mbili tusubiri ziishe.

Kuhusu soksi siahidi kitu.

Bibi yako.